Je, gari la kunyonya taka litauweza mchanga wa Mwanza?

"Habari za kazi, mhandisi. Mimi ni kiongozi wa kikundi cha akina mama 14, tunafagia barabara hapa Mwanza kwa mkataba. Kipande chetu ni lami nzuri yenye kingo za zege, kinaanzia chini ya mlima na kupita sokoni. Kiangazi tunakula vumbi. Mvua ikinyesha, mchanga na kokoto zinateremka kutoka mlimani zinajaa pembeni, tunazoa kwa chepe na toroli siku tatu na bado hatujamaliza. Tuna akiba na kuna mahali wako tayari kutukopesha. Kijana anayeagiza magari kutoka Japani ametuonyesha gari dogo la kunyonya taka, anasema linavuta kila kitu hata jiwe, na limetembea kilomita chache tu. Fundi wa mtaani naye anasema tusipoteze hela, atatufungia feni na bomba kwenye Canter kuukuu. Mwenzetu mmoja amesikia kwamba la brashi ndilo bora. Tuchukue lipi? Na tukishanunua, akina mama hawa wataenda wapi?"

Dada yangu, pole na kazi, na hongereni kwa kufika hatua ya kufikiria mashine. Nimekuelewa hivi: mkopo uko karibu, watu watatu wanakuvuta pande tatu, na hakuna hata mmoja wao aliyeanza kwa kuangalia taka zenu. Mashine ya kufagia huchaguliwa kwa kilichoko chini barabarani, na kwenu kilichoko chini ni mchanga mzito uliomeguka kwenye mawe ya milimani, mara nyingi ukiwa umelowa. Kwa taka ya namna hiyo ningekwenda na gari la brashi lenye mkanda wa kupandisha. La kunyonya nisingelilipia mpaka nilione kwa macho yangu likifanya kazi kwenye mchanga wenu wenyewe. La fundi wa mtaani ningelikataa kabisa. Sababu zake ni hizi, na nakuomba uzifuate taratibu ili hata mimi ukinibishia ubishe kwa hoja.

Tuanze na hilo la "linavuta kila kitu". Wengi hudhani ndani ya gari lile kuna nguvu inayoishika taka na kuivuta. Kilichomo ni feni kubwa inayoiondoa hewa iliyomo ndani ya tangi la taka na kuitupa nje. Hewa ikipungua ndani, ya nje inakimbilia kujaza nafasi, na njia iliyoachiwa ni mdomo mpana ulio sentimita moja hivi juu ya lami. Upepo unaokimbilia mdomoni humo ndio unaozoa. Kwa hiyo muuzaji akikutajia ukubwa wa injini, muulize kasi ya upepo pale mdomoni. Mdomo ukigusa lami kabisa, upepo hauna pa kupita na taka inabaki chini. Ukinyanyuliwa mno, upepo unaingia kwa uvivu kutoka kila upande, na taka inabaki vilevile. Barabara yenye mashimo na viraka vya lami vilivyovimba inaubadilisha mwanya huo kila baada ya hatua chache, ndiyo maana gari lile lile linasifiwa mtaa huu na kulaaniwa mtaa wa pili.

Sasa uzito. Chembe ya mchanga yenye upana wa milimita 1 ikiachiwa hewani huanguka kwa kasi ya kama mita 7 kwa sekunde. Upepo wa kuinyanyua lazima uipite kasi hiyo, tena kwa ziada, kwa kuwa chembe iliyolala kwenye lami imejibana katikati ya kokoto za lami yenyewe. Kokoto ya sentimita 1 inadai zaidi ya mita 20 kwa sekunde. Utasema basi feni izungushwe zaidi. Inawezekana, lakini kwa feni ile ile na bomba lile lile, kuiongeza kasi ya upepo mara mbili kunadai nguvu mara nane. Mara nane, dada yangu, na mafuta yake unayalipia wewe. Gari kubwa lililoundwa vizuri linaweza kweli kumeza nusu tofali. Gari dogo la tangazoni likikutana na kokoto za mlimani litazimeza chache na kuzisukuma nyingi.

Taka ikishafika ndani ya tangi mambo yanageuka. Upepo unatoka kwenye bomba jembamba na kuingia kwenye chumba kipana, kasi yake inashuka ghafla, na kilicho kizito kinadondoka. Ni kama unavyopeta mpunga kwenye ungo: punje zinarudi chini, pumba zinaondoka na upepo. Karatasi na majani hunaswa na wavu ulio juu ya tangi. Vumbi laini kabisa huponyoka, likapita kwenye feni na kutoka nje, isipokuwa limelowanishwa njiani kwa maji yanayopulizwa mdomoni na ndani ya bomba. Maji hayo si pambo. Dereva anayeyafunga ili asirudi kujaza tangi anayarudisha mavumbi yote kwa watu waliosimama kituoni, na mchanga mkavu unamkwangulia bomba na mapanga ya feni.

Na mchanga wenu una ukali wake. Mawe ya Mwanza ni ya itale, na itale ikimeguka inaacha chembe za kwazi ambazo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Panga la feni linalopigwa na chembe hizo kila siku linaliwa, na haliliwi sawasawa pande zote. Likishatofautiana uzito, feni inaanza kutetemeka, beringi zinakufa, na ukipuuza mtetemo huo feni nzima inaweza kupasuka. Ongeza na urefu wa mahali petu kutoka usawa wa bahari. Mwanza iko kama mita 1,140 juu, hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya pwani. Feni ile ile inasukuma upepo mwepesi zaidi, na injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa, nayo inapungua nguvu. Hilo peke yake halitoshi kulikataa gari. Ila gari lililokuwa linamudu kwa shida huko lilikotoka, ukingoni mwa bahari, halitamudu mitaa ya hapa Mwanza kama Mabatini baada ya mvua.

Halafu kuna maji. Mchanga uliolowa kidogo unashikamana, mchanga uliochanganyika na udongo mwekundu unakuwa tope, na tope linaganda kwenye koo la bomba mpaka njia inaziba. Vifungashio vyepesi vya nailoni navyo ni adui. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini pita sokoni jioni uone vifungashio vya karanga na barafu vinavyobaki chini. Viwili vitatu vikijibandika kwenye wavu wa tangi, upepo unakatika na dereva hajui mpaka ageuke nyuma aone mstari wa taka alioupita.

Gari la brashi linafanya kazi kwa kuzoa kwa mkono wa chuma, upepo hauhusiki. Brashi ya pembeni, ile ya mviringo inayozunguka kama sahani, inauchokonoa mchanga kwenye ukingo wa zege na kuutupa katikati ya gari. Nyuma yake kuna brashi kuu, gogo refu lililolala kukingama barabara, linalozunguka na kuurushia mchanga kwenye mkanda wenye vibao, na mkanda unaupandisha hadi tangini. Jiwe la ngumi linapanda. Gunzi la hindi linapanda, maganda ya muwa yanapanda, mchanga mzito uliokandamizwa na matairi unachokonolewa na kupanda. Mashine ya kufagia ya kwanza kupata sifa, ile ya Joseph Whitworth kule Manchester, Uingereza, miaka ya 1840, ilikuwa ya namna hii: mafagio kwenye mnyororo, yakiendeshwa na magurudumu ya mkokoteni wa farasi na kupandisha matope. Kanuni haijabadilika sana kwa sababu kwa matope na mchanga bado haijashindwa.

Lakini nikikusifia brashi bila kukuambia udhaifu wake nitakuwa nakuuzia. Brashi inaacha vumbi laini kwenye nyufa za lami. Na vumbi hilo dogo ndilo linalobeba sehemu kubwa ya uchafu wenye madhara: mabaki ya mafuta ya injini, vipande vya matairi, na fosforasi ambayo mvua ikiisukuma kwenye mitaro inakwenda Mto Mirongo na kuingia ziwani kulisha mwani na magugu maji. Ukiniuliza kwa ajili ya ziwa peke yake, gari zuri la kunyonya linashinda. Kwa hiyo kama mtapata mkataba wa barabara tambarare, kavu, isiyopokea mchanga wa mlimani, tuzungumze upya. Kuna pia aina ya tatu, inayopuliza upepo upande mmoja wa sanduku lililofunika lami na kuunyonya upande wa pili, upepo ule ule ukizunguka. Inasafisha vizuri sana penye lami iliyonyooka, ila sanduku lake linataka kulala sawasawa chini, na kwa barabara zetu zenye viraka sitakushauri uanze nayo.

Brashi inataka kueleweka pia. Kosa ninaloliona mara nyingi ni dereva kuikandamiza chini akidhani ndiyo atasafisha zaidi. Nyuzi za brashi zinafanya kazi kwa ncha. Ukizikandamiza zinapinda, zinasugua kwa ubavu, zinautandaza mchanga badala ya kuurusha, na seti iliyopaswa kudumu inaisha mapema. Kipimo chake ni rahisi na unaweza kukisimamia mwenyewe. Tafuta kipande cha lami chenye vumbi. Gari lisimame, brashi kuu ishushwe ikizunguka kwa nusu dakika bila gari kusogea, kisha inyanyuliwe na gari liondoke. Inama uangalie alama iliyobaki. Ukiona mstari wa upana unaolingana kutoka mwisho hadi mwisho, kama sentimita 10 hadi 15, brashi imekaa vizuri. Ukiwa mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, imeinama au imeliwa upande. Ukiwa mpana kupita kiasi, imekandamizwa. Alama ya brashi ya pembeni isiwe duara kamili. Iwe kipande cha duara upande wa mbele na wa ukingo, maana brashi hiyo huinamishwa makusudi.

Kila jioni mtu achukue kisu akate kamba, nyuzi na vipande vya nyavu vilivyojisokota kwenye mhimili wa brashi. Mkipata kazi karibu na mialo ya samaki, kama Mwaloni kule Kirumba, hilo mtalifanya hata mara mbili kwa siku. Injini izimwe kwanza na ufunguo awe nao anayekata. Na tangi likiwa limenyanyuliwa, mtu asiingie chini yake kabla ya kuweka nguzo ya kulizuia. Hosi ya haidroliki, ile yenye mafuta yanayolinyanyua tangi, haitoi taarifa kabla ya kupasuka.

Sasa fundi wenu. Simdharau, mafundi wa Mwanza wanafufua mashine ambazo wengine wamezitupa. Lakini feni ya kazi hii inazunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika, na inapaswa kusawazishwa kwa mashine maalumu. Feni iliyochomelewa kwa macho, ikapigwa na kokoto, inatoa panga kama kombora katikati ya watu. Halafu kuna mahesabu ya uzito ambayo sidhani kama ameyafanya. Mita 1 ya ujazo ya mchanga uliolowa ina karibu tani 2. Tangi la mita 3 za ujazo likijaa mchanga wa masika limebeba tani 6 hivi, bado tangi lenyewe, feni, injini ya pili ya kuizungusha na maji. Canter ya mizigo midogo haijaumbwa kwa hilo, na breki zake mkiteremka mlima mtazikumbuka. Hesabu hiyo hiyo iwahusu hata mkinunua gari la kiwandani: angalieni uzito unaoruhusiwa, na kipindi cha mvua msijaze tangi mpaka juu.

Kuhusu "kilomita chache", usizitegemee. Gari la kufagia linatembea kilomita 5 hadi 8 kwa saa likiwa kazini, kwa hiyo kilomita zake huwa chache hata likiwa limechoka kabisa. Uliza saa za injini ya pili, ile inayoendesha feni au pampu, kama gari linayo, maana ina mita yake. Omba video ya injini ikiwashwa ikiwa ya baridi, picha ya mapanga ya feni, ya sakafu ya tangi na ya mnyororo wa mkanda. Sakafu iliyotobolewa na kutu ikapakwa rangi huonekana kwa mikunjo ya rangi kwenye kona. Na jambo moja ambalo watu hulisahau: sisi tunaendesha kushoto, ukingo wetu uko kushoto. Gari la Japani kwa kawaida litakufaa kwa hilo, lakini linalotoka nchi za kuendesha kulia linaweza kuwa na brashi na mdomo upande wa kulia tu, likawa linafagia katikati ya barabara na kuuacha ukingo.

Kama fedha haitoshi gari la brashi, lipo la njia ya kati ambalo hukulitaja: brashi ya kufungwa kwenye trekta, yenye sanduku la kukusanyia. Haifanyi kazi kwa kasi wala haisafishi kwa unadhifu wa gari kamili, lakini vipuri vyake ni vichache na trekta mnaweza kukodi. Sharti iwe na sanduku. Brashi isiyo na sanduku inasukuma tu mchanga pembeni, pembeni ni mtaroni, na mtaro ukijaa mvua inayofuata inaurudisha mchanga ule ule barabarani na ndani ya nyumba za watu.

Umeuliza akina mama wataenda wapi, na hilo nimelisoma mara kadhaa. Hawaendi popote. Mashine inashughulikia mstari wa ukingo, basi. Haiingii kwenye mtaro, haizunguki nguzo, haipiti pale machinga walipopanga bidhaa, wala haichagui chupa ya kuuza na takataka ya kutupa. Ningewapanga hivi: kabla ya gari kupita alfajiri, wawili watatu watangulie kuokota matambara, kamba, nailoni na mawe makubwa, wengine wafungue midomo ya mitaro. Nyuma ya gari wapite wengine na fagio kumalizia kona. Mchanga usizolewe ukiwa unatiririka maji, wala msisubiri ukauke ukawa vumbi. Uvizieni ukiwa na unyevunyevu. Maana vumbi la mawe haya likivutwa kwa miaka linachubua mapafu na kuyakakamaza, na ugonjwa huo hauponi. Kitambaa cha mdomoni hakilizuii. Kwa hiyo hata kabla ya mashine, tangu kesho, nyunyizieni maji kabla ya kufagia kiangazi. Mwenzenu mwenye kikohozi kisichoisha au anayeishiwa pumzi akipanda ngazi apelekwe hospitali, aeleze kazi anayoifanya.

Maji ya mashine msiyachote ziwani hivi hivi. Mwani na tope vitaziba nozeli, vile vitundu vya kupulizia maji, ndani ya siku chache, kwa hiyo wekeni chujio. Na kama mtatumia pampu, iulizeni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria kuhusu kibali. Mchanga mtakaozoa nao utawatamanisha kuuza kwa wajenzi. Usiuzwe wa kupigia plasta. Una mafuta na uchafu unaooza, ukuta utabanduka na mtadaiwa. Mzigo uende dampo, Buhongwa au mtakakoelekezwa na halmashauri.

Kabla hujasaini mkopo, kuna watu watatu wa kuonana nao ana kwa ana, maana mimi sijaiona barabara yenu. Wa kwanza ni halmashauri yenye mkataba wenu, wakuthibitishie kama mkataba unaruhusu mashine na utadumu muda gani kulinganisha na marejesho. Barabara yenyewe itakuwa chini ya wakala wa barabara wa serikali, TANROADS au TARURA, nao wana la kusema. Zaidi kama kuna sehemu ya vitofali, kwa sababu upepo wa kunyonya na brashi ya chuma vinaondoa mchanga unaovishika, na vitofali vinaanza kucheza. Wa pili ni fundi wa haidroliki asiye na undugu na muuzaji, alipwe na ninyi, alikague gari mahali lilipo.

Wa tatu ni mwenye gari la aina hiyo, kampuni ya ujenzi au mkandarasi wa usafi, akubali kuwakodisha kwa asubuhi moja. Chukueni ndoo 3 za mchanga wa barabara yenu, ukiwa na unyevu wake. Mwageni kwenye ukingo mita 20, changanyeni kokoto, mawe machache ya ngumi, chupa na nailoni. Gari lipite mara moja kwa mwendo wa kazi. Kisha akina mama wafagie kilichobaki na mkipime. Kikizidi nusu ndoo, mwambieni dereva arekebishe brashi na maji, arudie mara moja zaidi. Kikizidi tena, mkopo huo usiuchukue kwa ajili ya gari hilo, hata bei ikiwa nzuri namna gani.